Kabla Taa Nyekundu Haijawaka

Nakumbuka siku moja tulifunga ngoma zetu kwenye magunia ya katani, tukatoka Kwedizinga kwenda kuimbia mashine. Mwanangu, wewe unayejiandaa kwenda studio utacheka, lakini nisikilize kwanza. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo nitasema kama nilivyoona.

Mwimbishaji wetu alikuwa shangazi yangu Mwanaidi. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, tuliiacha miji yetu ya zamani, makazi ya koo zetu, porini, majivu ya jikoni bado yana joto. Shangazi akatunga wimbo. Kila ubeti uliita mji mmoja tulioacha nyuma: kwa Semboja, kwa Mnkande, kwa babu yangu Mgaya. Miji ile haikuandikwa popote, ilikuwa mdomoni mwake tu. Aliutunga akipalilia mahindi, neno analitoa, analirudisha, mpaka likakaa. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya wimbo, na hakuna mashine itakayokufanyia. Kisha tukafanya mazoezi kila jioni, mpaka mikono ikawa inajua yenyewe.

Redio ikaita ngoma za vijijini. Kiongozi wa msafara akawa Mhando, katibu wa kijiji. Nalitaja jina lake kwa makusudi. Ndiye aliyesimama mikono nyuma akiangalia mapaa yetu yakiezuliwa. Na ndiye aliyeongoza waitikiaji, maana sauti alikuwa nayo, siwezi kumnyima.

Tulilala Manundu kwa ndugu zake Mzee Kilua, mpiga ngoma kubwa, asubuhi tukapanda basi la Dar. Kufika tu kwenye jengo la redio, mzee akaanza kutafuta kuni, kwa sababu ngoma ya ngozi isipopata moto inalia kama debe lenye maji. Askari wa getini akamuuliza kama amekuja kurekodi au kupika pilau.

"Vyote, mwanangu, ukinipa mchele," mzee akamjibu.

Yule askari akacheka, akatuonyesha mahali nyuma ya jengo.

Ndani kulikuwa na baridi, na kimya cha ajabu. Kuta zilivalishwa kama magodoro, ukipumua unajisikia. Fundi mitambo, kijana mpole, akatoka nyuma ya kioo akapiga alama ya chaki chini, mbele ya kipaza sauti. Akamvuta Mhando pembeni. Mimi nilikuwa karibu nakaza ngozi ya ngoma yangu, nikasikia yote. Mama mwimbishaji asimame kwenye chaki, asitoke. Ngoma zikae nyuma kabisa, waitikiaji ubavuni. Kwanza yeye fundi apime sauti moja moja. Halafu tuimbe mara ya majaribio, tuisikilize wote, turekebishe, ndipo taa nyekundu ya kurekodi iwake.

Mhando hakumwacha amalize. "Bwana fundi, hawa nimewafundisha mwenyewe. Wewe washa."

Aliona aibu sisi tuonekane watu wa kuelekezwa. Kwa shangazi hakwenda kusema hata neno, na mimi nilipofungua mdomo akanikata jicho, nikaambiwa nishike ngoma.

Sasa ujue desturi yetu. Mwimbishaji hasimami mahali pamoja. Anazunguka, anamfuata kila mpiga ngoma uso kwa uso, anampa wimbo, anamwacha, anakwenda kwa mwingine. Uwanjani utamsikia popote alipo, maana watu wanageuka naye. Mashine haina shingo ya kugeuza. Taa ikawaka, shangazi akaanza vizuri pale kwenye chaki, kisha akaondoka kama alivyozoea. Fundi akawa anapunga mikono nyuma ya kioo. Nafasi ikabaki wazi, na Mhando akaingia, akaitikia akiwa pale pale mpaka mwisho.

Fundi akaomba turudie. Mhando akasema imetosha, basi litatuacha. Hata kusikilizishwa hatukusikilizishwa.

Wimbo ulipopigwa redioni tulikaa uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji. Sauti ya shangazi ikawa inakuja na kuondoka, kama mtu anayeimba ng'ambo ya mto. Kwa Semboja ilisikika. Kwa Mgaya ilimezwa na Mhando. Watu wakampongeza yeye, naye akapokea. Wimbo ulipoisha, shangazi akasema polepole:

"Mbona kwenye wimbo wangu mimi ni mpita njia?"

Kesho yake nilimfuata Mhando, nikampa shikamoo yake, nikamwomba tuandikiwe siku nyingine ya kurekodi. Akaniambia wimbo umeshasikika nchi nzima, nataka nini tena? Nilitaka mji wa babu yangu, basi. Shangazi alifariki bila kurudi studio. Siku hizi watoto wanauimba kama walivyousikia redioni, na wakifika kwa Mgaya wanaruka, wanaingia moja kwa moja kwenye kiitikio cha Mhando. Nimewasahihisha mpaka nimechoka. Wananiambia, babu, redioni hauko hivyo.

Basi, mwanangu, ukifika studio usione haya kuuliza. Uliza usimame wapi. Kubali kupimwa sauti, hata ukiwa hodari. Imba ya majaribio, uisikilize kwa masikio yako, na ukijikuta huko mbali sema turudie, hata kama mkubwa wako ameshachukua kofia yake. Wakichanganya sauti na ngoma kaa hapo hapo, usitoke kwenda kunywa chai. Na chaki yako usimwachie mtu.

Mungu akupe sauti isiyokauka na fundi mwenye subira. Na siku wimbo wako utakapopigwa, mama yako akusikie tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Amina.