Hatua ya Tatu Ndefu

Nevyana hakutulia. Tangu asubuhi alikuwa ameenda dirishani na kurudi, amechemsha kahawa akaisahau, amefungua mlango wa studio akaufunga bila kutoka. Kwenye kompyuta yake wakala wa akili mnemba alikuwa akifanya kazi ambayo siku zote ilifanywa na vidole vya watu: kuweka alama za mwendo. Hapa mguu wa mchezaji aliyechorwa unyanyuke, hapa utue, halafu programu ijaze yenyewe ya katikati.

"We binti, tulia basi," alisema Zahari kutoka meza ya pili. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga."

"Mgongo unaniuma."

Uongo. Kilichomuuma kilikuwa Zahari mwenyewe. Ndiye aliyempokea alipofika mji huu wa Plovdiv kutoka chuo cha sanaa, kichwa kimejaa nadharia na hajui hata kumtembeza paka wa katuni. Alimfundisha kuusikia mwendo kabla ya kuuchora. Rachenitsa, dansi yao ya harusi na sikukuu, ina hatua mbili fupi na ya tatu ndefu. Ukiifupisha hiyo ndefu, alisema, umeizika dansi ikiwa hai.

Sasa bosi wao, Dobrin, alikuwa amemwita Nevyana pembeni. Mfundishe wakala bila Zahari kujua, alimwambia. Akiimaliza kazi ya kikundi cha ngoma, kilichotaka wachezaji wa kuchorwa nyuma ya jukwaa lake, basi Zahari aende zake. Nevyana alijibu sawa. Neno dogo hilo, na tangu alitamke hakuna kiti kilichokalika.

Mchana yeye na Dobrin walipeleka picha kwenye ukumbi wa mazoezi. Zahari aliachwa studio. Ukutani wakatokea wachezaji wa kuchorwa, leso mikononi. Mbele yao, jukwaani, wachezaji wa kweli. Ngoma ikalia, zumari lenye mfuko wa ngozi likajibu. Mara mwendo wa ukutani ukawachanganya wasichana, wakaanza kugongana.

"Simameni!" Mwalimu wa dansi, Bi Stoimena, alipiga makofi. "Hao wenu wa ukutani wamekunywa nini?"

"Hawajanywa, mwalimu, wako jeshini," alisema kijana mmoja, akapiga gwaride mguu mbele mguu nyuma. Ukumbi ukacheka.

Nevyana hakucheka. Wakala alikuwa ameiona ile hatua ndefu kama kosa, akainyoosha, zote tatu zikawa sawa. Na yeye alikuwa amekagua kazi nzima bila sauti, hata vipokea sauti vya masikioni hakuvaa, kwa kuwa hakuna aliyezaliwa kwao anayeweza kuisikia rachenitsa mguu ukatulia, na mguu wake ukicheza, Zahari angejua yeye anashughulikia nini.

"Inarekebishika?" Dobrin alimnong'oneza.

"Ndiyo."

"Basi rekebisha, tunaaibika!"

Alikaa ukingoni mwa jukwaa, kompyuta mapajani. Ilihitajika sentensi moja tu: mbili fupi, ya tatu ndefu, usiinyooshe. Sentensi moja, na ndani yake umri mzima wa mtu. Wapo wanaosema mashine inaiba. Mashine haina mfuko. Mwizi ana mfuko, ana jina, na mara nyingine anakaa meza jirani na wewe na kusingizia mgongo.

Akaiandika. Wasichana walikuwa wanangoja, nao hawakuwa na kosa.

Safari hii ukuta ulicheza. Leso za kuchorwa na leso za kitambaa zilipanda pamoja, na Bi Stoimena akapiga mluzi kama mchunga mbuzi.

"Umeona?" Dobrin alimshika bega. "Sentensi moja! Na mimi namlipa mtu mzima mshahara!"

"Sentensi hiyo ni ya Zahari."

"Ilikuwa. Sasa iko humo."

"Hiyo moja, ndiyo. Kesho wataleta dansi nyingine, na wakala atainyoosha, na mimi nitaipitisha kama nilivyoipitisha hii. Bosi, ukimwandikia barua ya kumwachisha kazi, andika mbili. Ya pili yangu."

Dobrin alicheka, kisha akamtazama usoni, akaacha. "Unanitisha?"

"Nakuarifu mapema."

"Kwa ajili ya mzee mkaidi anayegombana na printa?"

"Kwa ajili yangu. Nimechoka kusimama dirishani."

Dobrin aliangalia jukwaa, ambako Bi Stoimena alikuwa tayari anauliza nani atawachorea dansi za onyesho lijalo. Akapumua kwa hasira.

"Haya, abaki. Amwelekeze huyo wakala wako, nyote wawili mkae naye. Lakini mimi simwelezi kilichokuwa kikipikwa. Utamweleza wewe."

Nevyana alitoka hadi ngazini, akapiga simu. Iliita kidogo tu.

"Sema, binti," alisema Zahari, mdomo umejaa banitsa, lile andazi la jibini, akitafuna kwa sauti. "Mbona unahema hivyo?"

"Mzee wangu, usikate simu mpaka nimalize," alisema, akaanza na siku ile Dobrin alipomwita pembeni.