Maji ya Dawa kwa Samaki wa Mwalimu

Asubuhi ya leo nimempigia kelele binti yangu kwa sababu ya samaki, na mke wangu amenitazama kama mtu mwenye malaria kichwani. Mtoto ameleta nyumbani kisanduku cha kioo chenye samaki wawili, mambo aliyoyaona kwenye simu, na sasa maji yamekuwa kama maziwa na samaki mmoja analala upande. "Papa, nimwage maji yote niweke ya robine, haya ya bomba?" Rafiki yangu, nilivyofoka hapa Baraka nadhani hata Ubwari ng'ambo walisikia. Usimwage yote! Usitie kitu! Usimpe chakula! Mtoto akaanza kulia. Basi nikaona afadhali nikueleze wewe, maana yeye kwa sasa hataki kunisikia.

Nilipokuwa na miaka kumi nilikaa kwa koko, mama yake mama. Kazi yake ilikuwa kuanika ndakala, dagaa wetu wa ziwa, mchangani, na kazi yangu ilikuwa kuzigeuza na kufukuza kunguru na bata wa jirani. Harufu ya zile ndakala iliingia kwenye nguo, kwenye daftari, hata kwenye usingizi. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa mwalimu wangu wa mwaka wa tano, mtu mwembamba asiye na mke wala mbuzi. Alichokuwa nacho ni samaki. Alikuwa ameunganisha vioo vya dirisha kwa silikoni, akajaza maji, akatia mawe na samaki mmoja mdogo wa mistari ya njano na nyeusi, aliyemkamata mwenyewe kwenye mawe ya Ubwari. Watu walicheka mpaka wakachoka. Samaki analishwa badala ya kuliwa! Lakini sisi watoto tulikuwa tunapita pale kila tukitoka shule, tunabandika pua kwenye kioo, na yule samaki anakuja kututazama. Nakuambia alikuwa anatujua.

Vakanse, likizo ya shule, ilipofika mwalimu akapanda boti kwenda Kazimia kumuuguza mama yake, wiki tatu. Kioo akamkabidhi koko. "Usiogope, mwalimu," koko akamwambia, "utamukuta vile unamuacha." Mwalimu akaniachia mimi masharti mawili: chakula kidogo cha kushika kwa vidole viwili, na maji ya ziwa peke yake, kupunguza kidogo na kuongeza kidogo. Haya, na mimi nikaelewa nini? Nikaelewa kwamba samaki wa watu ana njaa. Nikawa namtilia bukari, ugali wetu wa muhogo. Asubuhi bukari, jioni bukari, nikitaka mwalimu akirudi amkute amenenepa! Mpaka leo nikikumbuka natamani kumzaba kofi yule mtoto.

Siku ya nne maji yakaanza kunuka. Siku ya sita samaki alikuwa juu, anavuta hewa kwa mdomo, mapezi ameyabana, na mwilini ana madoa meupe kama mtu aliyenyunyiziwa unga wa muhogo. Hapo ndipo waganga walipotokea. Jirani akaleta kapsule ya tetra, ile nyekundu na njano, akisema ilimponya yeye kidonda. Mwingine akataka tumtie maji ya mvua kwa kuwa ni laini. Shemasi akasema tumwombee. Mama mmoja mpita njia akatazama, akauliza kwa nini tunapoteza muda wakati mafuta yapo. Kila mtu daktari! Na mimi katikati, nalinda kile kioo kwa mikono miwili.

Aliyenisaidia ni mvuvi mmoja mzee, mteja wa koko. Alichungulia mara moja tu. "Nani analisha huyu bukari?" Nikaficha vidole nyuma. "Acha kumulisha. Toa maji kidogo kila siku, tia ya ziwa. Na chumvi, kidogo tu." Basi. Hakuomba hata maji ya kunywa.

Maji ya ziwa! Tuko Baraka, ziwa liko mbele ya mlango, utadhani ndicho kitu rahisi kuliko vyote. Lakini ule ulikuwa wakati wa kolera, kipindupindu. Pale pa kutekea maji alisimama mama wa klore, dawa ya kusafishia maji, na sindano yake kubwa isiyo na ncha, na hakuna bidoni ya maji iliyopanda kutoka ufukweni bila kupigwa dawa ile inayonuka kama nguo nyeupe za hospitali.

"Mama, naomba usitie," nikamwambia. "Hii maji iko ya samaki."

"Samaki iko mu ziwa. Leta bidoni."

"Hii iko ngonjwa."

"Si njo inaomba dawa!" Na pshhh, akatia. Bamama wote kwenye foleni wakacheka, na mimi nikamwaga maji yale mchangani kwa hasira, nikatukanwa kwa kumwaga.

Ikabidi yule mvuvi awe ananitekea huko ndani ya ziwa kwenye bidoni yake ndogo, naenda kuichukua kwenye mtumbwi. Na nyumbani nikaificha nyuma ya jiko. Kwa nini nilificha? Kwa sababu ya koko. Masika yaliyotangulia kolera ilikuwa imemchukua mdogo wangu wa kike, miaka minne, siku moja na nusu tu, kwisha. Tangu hapo koko hakuruhusu tone la maji nyumbani bila dawa. Alikuwa na chupa yake ya klore kutoka santé, kituo cha afya, akinusa kila ndoo, kila kikombe, akitia hata kwenye maji ya kuoshea miguu. Ningemwambia vipi kwamba nimeingiza maji mabichi ndani ya nyumba yake?

Na yale maji yalifanya kazi, bwana! Siku tatu madoa yakapungua. Siku ya tano samaki akashuka chini, akaanza kuzunguka mawe yake na kufukuza kivuli cha kidole changu. Mwalimu alikuwa anarudi Jumatatu. Jumapili nikaacha bidoni ya mwisho nyuma ya jiko, nikaenda misa, nikaimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Niliporudi, koko alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya kioo, mikono imelowa. Samaki alikuwa ubavu juu. Nikainamisha uso, na ile harufu ikanipiga puani.

"Nilikusaidia," koko akasema. "Nilikuta maji yako haina dawa. Nikaitia vifuniko viwili, kwa sababu iko mugonjwa, nikamumwagia. Sasa anafanya nini hivi?"

"Koko, umemuua! Umemuua wewe!" Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka nje. "Kila kitu dawa, dawa! Nani alikuomba?"

Sikuwahi kumpigia koko kelele, na nilitegemea fimbo. Hakuinuka. Aliendelea kumtazama samaki.

"Nilitia dawa," akasema, taratibu. "Siku ya mudogo wako njo sikutia. Alilia maji, chupa ya dawa ilikuwa imeisha, nikamupa vile. Nikasema ni mara moja tu."

Kesho yake alikibeba kile kioo mwenyewe mpaka kwa mwalimu, mimi nyuma yake. "Mwalimu, samaki yako nimeiua." Mwalimu alikuwa bado na mzigo wa safari mkononi. Akakitazama kioo kitupu, akauliza, "Mama, mu nyumba muko bazima wote?" Koko akasema tuko. "Basi," mwalimu akasema, akakiweka kioo ukutani, akamtafutia kiti.

Mwalimu alihamia upande wa Lulimba, na sijui aliishia wapi. Pale pa kutekea maji, ile meza ya klore haipo siku hizi. Mchanga wa kuanikia ndakala umejengewa maduka, na watoto wangu hawajui kuna kazi ya kufukuza kunguru. Hayo yote nayavumilia. Kinachonikera ni yule mtoto wa miaka kumi aliyesimama pale na bukari yake kimyakimya, aliyejua maji kuliko watu wote, akamwambia bibi yake "umemuua", neno ambalo bibi alikuwa akijiambia mwenyewe kila asubuhi akifungua ile chupa. Koko aliishi miaka tisa baada ya pale. Tulikula naye sahani moja, nikamsindikiza hospitali, nikamshika mkono. Nilikuwa na nafasi zote za kumwambia, koko, haikuwa wewe. Sikumwambia.