Jalaludin na Mwamba wa Girnar

Jalaludin Virani alizaliwa Tabora, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, lakini sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliipitisha ndani ya mashimo ya Toronto. Alikuwa fundi wa mabomba ya maji ya jiji. Ardhi ya huko ikishaganda, mabomba makuu ya chuma yaliyozikwa zamani hupasuka, maji yakafoka barabarani na kugeuka barafu kabla hayajafika mbali. Hapo ndipo gari la kikosi chake lilipoitwa. Mashine ya kijiko ilichimba, na yeye akashuka na wenzake, matope hadi kwenye mapaja, kutafuta palipopasuka.

Hakuna aliyemlazimisha kuipenda kazi ile. Familia ilifika Kanada katikati ya miaka ya sabini, jengo la baba yake lilipokwisha kutaifishwa, na kijana Jalaludin alishika kazi ya kwanza iliyojitokeza. Ndugu zake waliingia kwenye biashara wakahamia mji jirani wa Mississauga, kwenye nyumba zenye bustani. Yeye alibaki mtaa wa Flemingdon Park, ghorofani, na mkewe Sultana, binti wa Kigoma, na kwenye harusi za ukoo jamaa zake walipoulizwa Jalaludin anafanya nini, walijibu, "Yuko serikalini," kisha wakabadilisha mazungumzo.

Yeye hakujali sana. Kilichomkera kidogo ni kitu kingine: bomba likishatengenezwa, shimo hufukiwa, lami humwagwa juu, na asubuhi watu hupita hapo bila kujua kwamba kulikuwa na mtu chini. "Kazi yetu ikifanyika vizuri haionekani," alizoea kumwambia Sultana akivua viatu mlangoni.

"Basi vua na hizo soksi," Sultana humjibu, "maana hizo zinaonekana."

Siku moja aliyoikumbuka kuliko nyingine ilikuwa asubuhi ya Februari, mtaa wa Crescent Town. Bomba lilikuwa limepasuka mbele ya nyumba yenye vyumba vya chini ya ardhi, na maji yalikuwa yakiteremka ngazi. Mwanamke mmoja alitoka amejifunga blanketi, miguu mitupu juu ya barafu, akipiga kelele kwa lugha ambayo wenzake Jalaludin hawakuielewa.

"Mungu wangu! Maji inaingia mu nyumba! Batoto banalala!"

Jalaludin alikuwa shimoni, mikono yote miwili kwenye valvu ya kufungia maji. Akainua kichwa. "Mama, wako wapi watoto? Chumba gani?"

Mwanamke akainama kutazama shimoni. Mhindi mwenye kofia ya plastiki alikuwa akimsemesha Kiswahili kutoka chini ya ardhi ya Kanada.

"Papa," alisema taratibu, "weye unatoka wapi?"

"Tabora. Niambie chumba gani!"

Watoto walitolewa salama, wamebebwa mabegani na wafanyakazi. Mwanamke huyo aliitwa Pulchérie, alikuwa ametoka Bukavu miezi michache tu kabla, na tangu siku hiyo alikuwa kama dada kwao. Kila Krismasi aliwapelekea Sultana na Jalaludin sambusa, ingawa aliwaambia wazi kwamba za Sultana ni tamu zaidi.

Jalaludin alipostaafu, mambo yalikuwa magumu. Aliamka mapema kama zamani, akakaa dirishani, akakosoa namna mafundi wa jengo walivyofunga mabomba ya kupasha nyumba joto. Sultana akavumilia, akachoka.

"Baba Shamir, nenda maktaba," alimwambia. "Kuna mafunzo ya wazee. Kuna ya kufuma, kuna ya kompyuta, kuna ya historia. Chagua yoyote, ila utoke."

Akachagua historia kwa sababu chumba chake kilikuwa karibu na mlango.

Mwalimu aliitwa Farhat, mama wa makamo, mzaliwa wa Nairobi, aliyetumia miaka mingi kusoma maandishi ya kale ya Bara Hindi: yale ambayo wafalme waliyachonga kwenye miamba, nguzo na mabamba ya shaba. Aliposikia lafudhi ya Jalaludin, alianza kumrushia Kiswahili cha mtaani kwao.

"Mzee, wazazi wako walitoka upande gani wa India?"

"Babu alitoka Junagadh. Zaidi ya hapo sijui kitu. Alikuwa hasemi."

Farhat alisimama, kalamu mkononi. "Junagadh? Ngoja basi. Wiki ijayo usikose."

Wiki iliyofuata alileta picha iliyokunjwa kama mkeka, wakaitandaza ukutani kwa pini. Ilikuwa picha ya mwamba mweusi mkubwa kama nyumba, na mwili wake umejaa michirizi midogo. Ukiwa mbali ungedhani ni nyufa. Ukisogea unaona ni herufi, mstari baada ya mstari.

"Huu uko njiani ukitoka mji wa Junagadh kuelekea mlima Girnar," Farhat alieleza. "Mzee Jalaludin, babu yako huenda alipita hapa akiwa mtoto. Upande huu alichongesha Ashoka, wa nasaba ya Maurya, miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita. Anazungumzia kuchimba visima na kupanda mimea ya dawa kwa ajili ya watu na wanyama. Karne kadhaa baadaye akaja Rudradaman, mfalme wa nasaba ya Wakshatrapa, akachonga hapa juu. Karne tatu nyingine zikapita, nasaba ya Gupta nayo ikaandika upande ule. Falme tatu, jiwe moja."

Jalaludin alisogea mpaka pua ikakaribia karatasi. Kwao hakukuwa na picha ya babu hata moja, wala kaburi lililojulikana la baba wa babu. Alikuwa amezoea kudhani kwamba nyuma ya babu kuna giza tu. Kumbe huko nyuma kulikuwa na jiwe linalozungumza.

Farhat aliwafundisha herufi chache za Brahmi, yale maandishi ya kale, kisha akamwita kila mmoja ajaribu kusoma neno. Zamu ya Jalaludin ilipofika, alionyeshwa mahali kwenye maandishi ya Rudradaman. Akavaa miwani. Kulikuwa na umbo lililopinda kama ndoana, na kijistari kidogo juu. Halafu umbo lile lile tena.

"Ha," alisoma. "Halafu tena, ha. Haa, haa." Akageuka akitabasamu. "Mwalimu, watu hawa wanacheka!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Farhat naye alicheka, lakini akainua mkono.

"Umesoma sawasawa kabisa, mzee. Ila hawacheki. Wanalia."

Akawasimulia. Chini ya mlima ule paliwahi kuwa na bwawa kubwa lililoitwa Sudarshana, maana yake lenye sura ya kupendeza. Lilijengwa enzi za babu yake Ashoka, naye Ashoka akaliongezea mifereji. Miaka ikapita, tufani ikashuka kutoka mlimani, mito ikafurika, ng'ombe, miti na majumba yakasombwa, na ukuta wa bwawa ukapasuka. Maji yote yakatoka. Mahali palipokuwa na ziwa pakabaki kama jangwa. Washauri wa mfalme wakasema ufa ni mkubwa mno, hautengenezeki. Na watu waliposikia hivyo, kwa kukata tamaa, wakapiga yowe: haa! haa!

"Aliyechonga jiwe," Farhat alisema, "aliliandika lile yowe lenyewe."

Tabasamu la Jalaludin lilikuwa limekwisha. Aligusa karatasi kwa ncha ya kidole, pale penye ndoana mbili. Alilisikia lile yowe. Alilijua. Lilikuwa limemfikia akiwa shimoni Crescent Town, kutoka kwa mwanamke mwenye miguu mitupu.

"Halafu ikawaje?" aliuliza. "Walilitengeneza?"

"Walilitengeneza."

"Nani?"

Farhat alimtazama, akaona kwamba swali si la kawaida. "Hilo nalo limeandikwa. Mtawala wa jimbo aliyesimamia kazi aliitwa Suvishakha. Hakuwa mwenyeji, alikuwa wa watu wa Pahlava, wenye asili ya upande wa Uajemi. Na yule aliyechimba mifereji zamani za Ashoka aliitwa Tushaspa, naye huenda alikuwa mtu wa kutoka mbali vilevile. Bwawa likaja kupasuka tena wakati wa Gupta, na aliyelifunga aliitwa Chakrapalita. Majina yao yote yako hapa."

"Majina ya mafundi?"

"Ya wakuu wa kazi. Wale wa chepeo hatuwajui."

"Na bwawa?"

"Halipo tena. Wataalamu bado wanabishana ukuta wake ulikuwa wapi hasa."

Jalaludin aliketi. Wenzake waliendelea na maneno yao, yeye hakusikia. Watu wa nasaba tatu, wasiojuana, wenye lugha tofauti, walilipokea bwawa moja kutoka mkono hadi mkono kwa miaka mia saba na zaidi. Likapasuka, wakaziba. Likapasuka tena, wakaziba tena. Ufalme wa kila mmoja ulikwisha, ziwa lenyewe likakauka, na kilichobaki ni habari kwamba paliwahi kuharibika na mtu akatengeneza.

Alirudi nyumbani kwa miguu akapitiliza jengo lao bila kujua, ikambidi ageuke. Sultana alimkuta ukumbini amesimama, bado amevaa koti.

"Mbona hivyo? Umeumwa?"

"Mama Shamir," alisema, "kule kwetu waliandika jina la mtu aliyeziba maji. Juu ya jiwe! Pamoja na la mfalme!"

Sultana alikuwa na neno la mzaha mdomoni. Alimwangalia uso, akalimeza. Akamvua koti, akamketisha, akasema, "Haya, nianzie mwanzo."

Kiangazi kile mvua kubwa ilinyesha Toronto. Ilianza asubuhi, na kufikia mchana bonde la mto Don, lililo chini ya madirisha yao, lilikuwa limejaa. Barabara kuu ya bondeni ilitoweka. Magari yaliachwa yakielea nusu nusu, na paa zao ziling'aa juu ya maji ya kahawia. Jalaludin na Sultana walisimama kwenye roshani, wameshikana mikono kama vijana. Jalaludin alikuwa ameona maji maisha yake yote, lakini daima kutoka ndani ya shimo, karibu na uso wake. Hakuwahi kuyaona kutoka juu, yakiwa na nguvu zile, na jiji lote limesimama kuyapisha. Alihisi udogo wake mwenyewe, na kwa namna asiyoweza kuieleza, udogo ule ulimpa raha.

Kesho yake mafundi walikuja kutengeneza bomba lililopasuka mtaani. Jalaludin alijaza chai ya maziwa kwenye chupa kubwa, akashuka. Alisubiri mpaka wapumzike, akawamiminia mmoja mmoja, akamuuliza kila aliyepokea kikombe jina lake, akalirudia kwa sauti ili alishike vizuri.

Wa mwisho alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, aliyekuwa bado shimoni. Aliipokea chai kwa mikono miwili, akainusa, akafumba macho.

"Hii ina tangawizi," alisema kwa Kiswahili, kama anayejisemea.

"Ina tangawizi na iliki. Jina lako nani, ndugu?"

Yule bwana akafumbua macho kwa mshangao. "Nahashon. Natoka Nyeri. Na wewe mzee, mbona unatuuliza majina sisi wote? Kuna shida?"

"Hakuna shida. Kuna habari," Jalaludin alijibu, akaketi ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia ndani. "Kulikuwa na bwawa moja huko Junagadh."

Nahashon alimpungia mkono dereva wa kijiko. Mashine, iliyokuwa bado ikinguruma, ikazimwa ili wamsikie vizuri.