Mtunza Leseni wa Nchelenge

Kompyuta sita za kituo cha samaki ziliunganishwa, lakini leseni ya programu ya kukadiria samaki iliruhusu watu wawili tu kwa wakati mmoja. Mwanamke aliyezitunza alipangusa vidole kabla ya kugusa kitu, na hakupaza sauti kamwe. Didier, mtafiti kijana, alihitaji matokeo kabla mashua ya kwenda Kilwa, ng’ambo ya ziwa, haijaondoka saa sita, lakini nafasi zote mbili zilikuwa zimeshikwa.

“Mama, tuinakili programu tu. Nani atajua?”

“Miye nitajua, mutoto yangu.”

Mama akaenda kwenye meza ya mkurugenzi, aliyezima kioo cha kompyuta akaenda kunywa chai, akidhani ameshatoka kwenye programu. Akahifadhi kazi ya mkurugenzi, akaifunga programu, nafasi ikaachwa wazi, akamketisha Didier.

Mkurugenzi akarudi na kikombe. “Nani amenifungia?”

“Ni miye, bwana mukubwa. Ngojea. Didier eko mbele yako.”