Nilimfanya Mama Mkwe Wangu Adui wa Gemu

Kosa ni langu, na naomba msinipunguzie. Nimesoma humu watu wengi wakisema shetani aliwapitia. Mimi sikupitiwa na mtu. Nilivuta kiti, nikakaa mbele ya kompyuta, nikafanya nilichofanya nikiwa na akili zangu timamu, tena nikicheka!

Majina nimeyabadilisha. Mahali petu, Nshamba, sipabadilishi, kwa sababu walioko huku watanitambua hata nijifiche vipi. Wacha wanitambue.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa miaka kumi na mitatu. Mume wangu, nimwite baba Kemi, ananunua dagaa visiwani, akiondoka ni wiki mbili au tatu. Kwa hiyo kwenye kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, tulikuwa watatu: mimi, binti yangu Kemi, na mama mkwe wangu aliyekaa nyumba yake ndogo nyuma ya mibuni. Mama hakuwa mkali. Hakunitukana hata siku moja, na ningependa ijulikane hivyo.

Ila hakuwahi kuniambia wakola. Kwetu Wahaya wakola ndiyo asante, ndiyo pole na hongera kwa kazi, neno ambalo unampa hata mpita njia aliyekusaidia kutua mzigo. Nilimpikia, nilimchotea maji, alipovunjika mguu nilimbeba mgongoni mpaka chooni. Anapokea sahani, anaonja, anasema ndizi zimebaki ngumu. Miaka kumi na mitatu! Nilikuwa nasubiri hilo neno kama mtoto anavyosubiri soda, na kila siku nikilikosa nalala nimenuna.

Nilikuwa nahudumu kwenye maktaba yetu ndogo ya jamii. Vitabu vya shule, magazeti yaliyopitwa, na kompyuta tatu za msaada ambazo hakuna aliyejua zifanye nini. Siku moja nikaitwa Bukoba, mafunzo ya wiki nzima pale Kahororo, ya kuwafundisha watoto kubuni magemu. Nasema kubuni, sio kucheza. Nikarudi kichwa kimevimba, najiona profesa.

Lakini kusema kweli, kazi ile ilikuwa nzuri, na ndiyo maana inaniuma. Watoto walianza kwa kuchora gemu zao kwenye manila, wakitumia buni kavu kama wachezaji. Wanaandika sheria, wanabadilishana, mwenzako akikwama unarekebisha. Ndipo wanahamia kwenye kompyuta kupanga maagizo. Namba hasi, ambazo darasani ziliwatoa machozi, walizishika kwa siku mbili kwa sababu mtu wao alikuwa anatembea kushoto kwa sifuri akapotea kwenye kioo. Kulikuwa na msichana asiyesoma kwa sauti hata umpige, akawa ndiye anayewasomea wenzake maelekezo. Nilikuwa nawaangalia na moyo unanifurahi.

Wakachagua wenyewe gemu ya siku ya wazazi. Mchezaji anazunguka kibanja akiokoa migomba isipatwe na mnyauko, ule ugonjwa unaoozesha ndizi mpaka mkulima analia. Shida ni kwamba nusu yao hawakujua mnyauko unazuiwaje. Kemi akainua mkono. Akasema, Bibi anajua.

Sikutaka. Lakini watoto walishaanza kupiga makofi, ningesema nini?

Mama alikuja maktaba siku tatu. Alivaa kitenge chake cha kanisani na kilemba cha bluu, akaleta kahawa ya kutafuna ameifunga kwenye jani. Aliwatoa watoto nje mpaka kwenye migomba, akawaonyesha kukata ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, na kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhama mgomba. Mimi nilimfuata nikimrekodi kwa simu, kisha nikazihamishia rekodi kwenye kompyuta. Alieleza vizuri, na walimu wangejifunza kwake. Watoto walikuwa wanamgombania mkono.

Na kila mtoto aliyempa kigoda, aliyemshikia mkongojo, aliyemletea kikombe cha maji, mama alimwambia, "Wakola, mwana wange." Asante, mwanangu. Watoto wa watu! Kamasi zinawatoka, hawajui hata ukoo wake! Nilisimama pale na simu yangu nikihesabu. Nilifika kumi na tisa nikaacha.

Wiki iliyofuata tulijaribu gemu na ilikuwa baridi. Unakata maua, unakata maua, basi. Mafunzoni tuliambiwa gemu inahitaji kizuizi, kitu cha kukukimbiza. Msichana mmoja akapendekeza wadudu, maana Bibi alisema wadudu hubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua. Wazo lilikuwa zuri, tena la kisayansi. Mwalimu yeyote mwenye moyo safi angesema hewaa, tufanye wadudu.

Mimi nikasema, hapana, tuweke mtu. Tuweke bibi mmoja anayepita kwenye vibanja vya watu na panga chafu, anasambaza mnyauko.

Nikamchora mwenyewe. Mgongo uliopinda, kilemba cha bluu, mkongojo, pengo la juu. Nikamfanya aburute mguu wa kushoto. Mchezaji akimkaribia anampiga kwa kile kijiti cha panda, anapata pointi kumi. Na akipigwa lazima atoe sauti, sivyo? Nikaenda kwenye rekodi za mama, nikakata pale pale. Unampiga, anasema, "Wakola, mwana wange."

Watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Nami nilicheka. Miaka kumi na mitatu ya kinyongo ilinitoka kama jipu, jamani, na ilikuwa tamu!

Kemi peke yake hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama, huyo ni Bibi."

Nikamwambia ni bibi wa kwenye gemu tu. Alikuwa na miaka kumi. Alinitazama, akarudi kukaa.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Wageni walikuja kutoka Bukoba, projekta ikafungwa, gemu ikatokea ukutani kubwa kama mlango wa kanisa. Sikumwalika mama. Watoto ndio walimwalika, wakamweka mstari wa mbele kwa sababu yeye ndiye mwalimu wao. Hawakuwa na ubaya, wao walijua wanamfurahisha.

Alipoona migomba ukutani alipiga makofi. Bibi wa gemu alipotokea akiburuta mguu, watu wakaangua kicheko, naye akacheka nao, macho yake hayaoni vizuri mbali. Kisha mtoto mmoja akamsogezea kompyuta, akamshika kidole, akamwonyesha pa kubonyeza. Mama akabonyeza. Kijiti kikashuka. Na sauti yake mwenyewe ikajaa ukumbi mzima ikimshukuru.

Akamuuliza yule mtoto huyo ni nani. Mtoto akajibu kwa fahari kabisa, "Ni adui, Bibi. Ndiye analeta mnyauko."

Watu walicheka. Wageni walicheka na kuandika kwenye madaftari yao. Mama alikaa na kidole kikiwa bado juu ya kitufe, hajui akitoe au akiache. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na nilipaswa kuzima umeme, nilipaswa kupiga kelele, nilipaswa hata kuanguka nizimie! Nilirekebisha kitambaa cha mezani.

Jioni nilimpelekea chakula. Hakugusa. Alisema, "Umenichora vizuri, Mama Kemi. Mpaka mguu." Hakulitaja tena mpaka anakufa.

Nilidhani yataishia hapo. Lakini watoto walikuwa wameshaihamishia gemu kwenye simu za wazazi wao, wakarushiana. Ndani ya mwezi Nshamba nzima inaicheza. Mama akipita, watoto wanaokota vijiti, wanamgusa mgongoni, wanasubiri aseme. Hao hao waliokuwa wakimgombania mkono.

Hilo lingeweza kuitwa utoto. La jirani yetu halikuwa utoto. Mzee huyo nusu ya migomba yake ilikuwa imekufa kwa mnyauko, na mama alikuwa akikatiza kwenye kibanja chake kwenda kanisani tangu alipoolewa. Akamsimamisha asubuhi ya Jumapili. Akamwambia kwa adabu zote kwamba yeye hasemi kitu, waitu, neno letu la heshima, ila siku hizi apite barabarani.

Jamani, kwetu kibanja ndiyo uhai wa mtu. Huwezi kumwambia mtu neno baya zaidi ya hilo. Na barabara inazunguka mbali, na mguu ule haukuweza. Mama akarudi nyumbani, akavua kilemba. Hakwenda tena misa, hakwenda jumuiya, na wanawake wa jumuiya waliokuwa wakija kwake kuomba miche ya migomba wakawa hawaji. Hakuna aliyesema anaamini. Walianza tu kuichukua miche kwingine.

Baba Kemi hakujua chochote. Alikuwa visiwani, yuko mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anapima dagaa, akasikia sauti ya mama yake nyuma yake. Akageuka. Ni mtoto wa mvuvi, hawajuani, anapiga kitu kwenye simu. Akanipigia. Hakugomba. Aliuliza tu sauti ya mama imefikaje kule.

Mnajua nilifanya nini? Nilikimbia maktaba na funguo nikafuta kila kitu. Gemu, michoro, na rekodi zote, zile siku tatu za mama akifundisha, akicheka, akiwaimbia watoto wimbo wa kuvuna. Nikazifuta na kwenye simu yangu. Nilikuwa naficha ushahidi, sikufikiri ni sauti ya mtu.

Baba Kemi alifika kesho yake mchana. Akauliza nani alimchora mama yake. Kemi alikuwa amesimama mlangoni na sahani mikononi.

Nikasema, ni Kemi.

Nimelisema. Nimeandika mistari hii yote ili nifike hapo. Nilimsingizia mwanangu wa kumzaa, naye aliweka sahani chini polepole zisipige kelele. Baba yake alimchapa, kisha akamburuta mpaka nyumba ya nyuma, akampigisha magoti aombe msamaha. Mama aliniangalia mimi juu ya kichwa cha mtoto. Alijua. Angesema neno moja tu nikarudishwa kwetu Rubya siku ile ile. Akasema, "Inuka, mjukuu wangu. Ni mchezo tu."

Masika yaliyofuata alilazwa. Daktari alisema ni moyo, na sisemi gemu ndiyo iliyomuua, sitaki kujipamba hata kwa hilo. Nilimuuguza mimi. Siku ya mwisho nilimnywesha uji kwa kijiko, na mnajua, mpaka pale, mwanamke mwovu mimi, nilikuwa bado nasubiri. Alimeza, akasema uji umepoa.

Wazazi walishawatoa watoto wao kwenye kikundi, wakisema magemu yanafundisha utovu wa adabu. Maktaba ikaniondoa. Kompyuta zimefunikwa shuka, na yule msichana aliyeanza kusoma kwa sauti nasikia amerudi kunyamaza. Kemi sasa ana miaka kumi na miwili. Kwangu ana maneno mawili, ndiyo na hapana. Hajamwambia baba yake. Nadhani anasubiri niseme mwenyewe, na mimi nimekuja kuwaambia ninyi kwanza, mwoga hadi leo.

Baada ya arobaini baba Kemi alitaka sauti ya mama yake. Akaniomba zile rekodi. Nikamwambia zimefutika, kompyuta iliharibika. Basi akaenda visiwani, akamtafuta yule mtoto wa mvuvi, akarudi na gemu kwenye simu yake. Ndiyo sauti pekee iliyobaki duniani ya mwanamke yule, na haisikiki mpaka umpige.

Wewe unayefundisha watoto, wawe maktaba au ndani ya jengo lisilo na paa, wafundishe kubuni. Ni kazi nzuri, msiiache kwa sababu yangu. Lakini wakikuuliza adui awe nani, usiwajibu haraka. Jiulize kwanza nyumbani umemkasirikia nani, kwa sababu ukishamchora hutaweza kumfuta, na watoto hawatajua kwamba ulikuwa unalipiza. Na kama umemsingizia mtoto wako kitu, nenda sasa hivi, ukaseme.

Mimi nitasema. Kila siku nasema nitasema. Baba Kemi vidole vyake ni vizito, vimezoea kamba na magunia, hawezi kumfikia yule bibi kabla muda haujaisha. Alimwomba Kemi amsaidie, Kemi akatoka nje. Kwa hiyo ananiletea mimi. Kila Jumapili baada ya misa anakaa kwenye kigoda cha mama yake, ananipa simu, anafumba macho. Nami nakata maua, navuka migomba, namkuta anaburuta ule mguu nilioupinda mimi, nampiga.

Wakola, mwana wange.

"Tena," ananiambia. Nampiga tena.