"No" ya Mpolandi na "Haya" ya Mama Mghoi

Nakumbuka, mwanangu, ile alasiri niliyomfundisha Mpolandi ndoa. Tulikuwa huku ughaibuni kwa Waarabu, barabara ya kwenda Lusail, mimi kwenye usukani, yeye nyuma na kofia yake ya ujenzi mapajani, na nilimwambia maneno ambayo hadi leo yakitajwa nyumbani kwangu watu huweka vikombe chini kwanza, wasije wakamwaga chai. Nitafika huko. Kwanza ujue ni nani anayesema nawe.

Ni mimi, Mwadime wa Mwatate, niliyeacha shule darasa la sita, na leo nina mabasi yanayobeba wafanyakazi wa hoteli mji huu mzima. Sikurithi, sikubebwa. Kiingereza nilikiokota garini, Kiarabu nilikiokota kwenye foleni, na akili nilizaliwa nayo. Wanaosema najisifu waje tushindane kuamka.

Wiki jana nilipita kambini kwenu Al Wukair mkila chakula cha mchana, nikamsikia mmoja wenu akitamba: "Mimi mke wangu hana neno. Nikisema kitu anajibu sawa, simu inakatwa, maisha yanasonga." Mkacheka, mkampigia meza. Jina simtaji. Anajijua, na ndiye ninayemwandikia. Ningeweza kukuita pembeni, lakini kijana akiitwa pembeni na bosi hasikii chochote ila moyo wake ukidunda. Basi soma, polepole.

Miaka ile nilikuwa dereva wa mhandisi mmoja Mpolandi, Tomek, aliyekaa The Pearl, mtaa wa wenye pesa, na mkewe Ania. Kampuni ilinipa kwao kwa mwezi mmoja, wakanikatalia kuondoka. Wapolandi, mwanangu, ni watu wa ajabu kidogo, na mimi nimewatazama kwa kioo cha gari, mahali ambapo mtu huonekana vizuri kuliko ana kwa ana. Ukimwuliza mmoja "habari ya asubuhi?" usidhani atakujibu "njema." Atakuambia mgongo unauma, hakulala, na ofisini kuna mjinga mmoja. Mwanzo niliona ni watu wa kulalamika. Baadaye nikaelewa kwamba kwao, ukimwambia mtu "njema" na si njema, umemfungia mlango.

Nyumbani kwao viatu vinavuliwa kama msikitini, na mgeni ana ndara zake zinazomngoja. Kila mtu ana siku ya jina lake, mbali na ile ya kuzaliwa. Siku ya jina la Ania nilitumwa maua, nikanunua sita mazuri. Tomek akayatazama, akachomoa moja akanipa mimi. "Yakigawanyika kwa mbili ni ya maiti," akasema. Nikaendesha hadi kwangu na ua moja, wenzangu wakaniuliza nachumbia nani. Na mhandisi huyo mwenye vyeti vya kufunika ukuta, Ijumaa alikuwa akimenya viazi, mkewe akimwambia amenye maganda membamba. Nilimhurumia.

Lakini kilichonitia uchungu hasa kilikuwa simu. Tomek alikuwa akimpigia mkewe kila tukianza safari, na sauti inatoka kwenye spika za gari. Kipolandi sikijui. Neno moja tu nililijua, na mama yule alilisema bila kuchoka. Mume anaeleza, mke: "No." Mume anaeleza tena, kwa upole, mke: "No, no." Mume anacheka, mke: "No, no, no." Hapana, hapana, hapana! Toka The Pearl hadi Lusail mwanamume mzima anakataliwa, na anashuka akipiga mluzi.

Rafiki yangu Okello, Mganda aliyekuwa akiendesha gari la jirani yao, nilimsimulia pale chini tunapoegesha. Akashika kichwa.

"Baba Mghoi, huyo bosi wako ameoa ukuta."

"Ukuta una nafuu. Ukuta haujibu."

"Na wako?"

Hapo ndipo nilipovimba. "Wangu? Wakesho? Wangu anajua neno moja: haya. Namwambia hiki, haya. Namwambia kile, haya. Nimeoa, Okello. Wengine wameolewa."

Na nilikuwa na ushahidi. Majuma machache kabla ya hapo nilimpigia Wakesho nikamtolea mpango wangu. Kwamba likizo ya mwaka ule sitakuja, nimeshawaambia ofisini. Na kwamba binti yetu Mghoi, aliyekuwa ndio kwanza ameanza kusoma silabi, ataenda kukaa Mwatate kwa mama yangu, ili yeye Wakesho asimamie duka la Voi bila usumbufu. Nilieleza vizuri, kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Nilipomaliza, akasema, "Haya." Nikasema khalas, yamekwisha, tumeelewana. Toka siku hiyo simu zetu zikawa fupi na za amani. Haya. Sawa. Wewe ndiye unajua. Nikadhani huo ndio utamu wa ndoa. Kumbe wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mimi nilikuwa nimetoka shule kabla hawajafika huko.

Basi alasiri ile, baada ya "no" kama kumi hivi mfululizo, uvumilivu uliniisha. Nikapunguza mwendo.

"Mister Tomek, samahani. Mimi ni dereva tu, lakini mimi pia ni mume. Mwanamke akikwambia no asubuhi, no mchana, no jioni, hiyo si ndoa, hiyo ni mgomo. Kwetu tungemrudisha kwa baba yake akafundishwe upya."

Papo hapo nikafikiri kazi imeisha, nianze kutafuta tiketi. Kisha nikasikia kofia ya ujenzi ikianguka, nikatazama kwenye kioo nikamwona mtu amejikunja, machozi yanamtoka, anapiga kiti kwa ngumi. Alipopata pumzi akasema:

"Mwadime, 'no' kwetu si hapana. 'No' ni kama nyinyi mnavyosema 'eeh'. Ananiambia eeh, nakusikia, eeh, endelea."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote."

"Na akikataa?"

"Akikataa anasema 'nie', kisha anaeleza kwa nini. Na hapo hata wewe ungeshuka garini."

Nilicheka naye. Mwanamume akichekwa ajiunge, kicheko kitaonekana chake. Lakini nilipobaki peke yangu na injini, kitu kikaniwasha mahali nisipoweza kujikuna. Nilikuwa nimesikia kukataa kwa miezi, mahali ambapo mtu alikuwa akikubali. Nikaongeza sauti ya redio.

Krismasi ikafika, na mama yake Ania alikuwa amekuja kutoka Poland. Wao mama mzee, kama nyanya kwetu, humwita babcia, inasikika kama "babcha", na kwao babcha ndiye serikali. Mkesha wa Krismasi nilimpelekea Ania samaki juu, nikanyoosha mkono kumsalimia yule mama pale mlangoni. Hakuupokea. Alinivuta kwanza ndani, ndipo akanishika mkono, kwa kuwa kwao kusalimiana juu ya kizingiti ni kualika ugomvi. Kisha akaonyesha meza. Palikuwa na sahani moja zaidi ya watu.

"Hiyo ni ya mgeni asiyetarajiwa," Ania akanifasiria. "Huwekwa kila mwaka. Mama anasema ni wewe, vua viatu."

Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wao wameshaweka na sahani.

Chakula hakikuanza. Kwao siku hiyo hailiwi mpaka nyota ya kwanza ionekane, na babcha alisimama roshani akiitafuta katikati ya taa zote zile za maghorofa. Tomek, njaa imembana, akaonyesha angani. "Ile pale!" Mama akatazama, akajibu kitu, Ania akaangua kicheko. "Anasema hiyo ni taa ya winchi, na mkwe wake ni mhandisi, anapaswa kujua." Tukangoja ya kweli. Na nikuambie mapema, hapakuwa na nyama hata kipande. Samaki, supu nyekundu ya bitiruti, uyoga. Krismasi bila nyama! Nilivumilia kwa heshima.

Kabla ya kula wakatoa mkate mwembamba kama karatasi, mweupe, wa kuvunja. Huli wako. Unamwendea mwenzako, anavunja kwako, unavunja kwake, mnatazamana machoni na kila mmoja anamtakia mwenziwe jambo, la kweli, si la mdomoni. Tena mkiwa mmekosana, hamwezi kukaa kula mpaka mvunje. Nikawaona Tomek na mkewe wakinong'onezana mpaka Ania akafuta macho.

Tukaketi. Tomek, kwa furaha, akamsimulia mama mkwe kisa cha gari. Meza nzima ikacheka, mimi nikiongoza. Babcha peke yake hakucheka. Akaniuliza kupitia kwa bintiye: "Na mke wako, yeye husema neno gani?"

"Haya," nikajibu kwa majivuno.

"Ni ndiyo?"

"Ni ndiyo." Kisha nikalifikiria neno lenyewe. Mwanangu, wewe ni Mswahili wa kuelewa. Haya ni ndiyo, lakini haya pia ni twende, haya ni nimesikia usinipigie kelele, haya ni fanya utakalo mimi nimenyamaza. Na ukiliacha neno lisimame peke yake, haya ni aibu. "Inategemea inavyosemwa," nikamwambia.

"Sema kama alivyoisema yeye."

Nikajaribu. Niliikumbuka sauti ya Wakesho siku ile ya mpango, nikaitoa vilevile, polepole, ikishuka mwishoni kama ndoo inayowekwa chini: "Haya."

Babcha hakungoja kufasiriwa. Alitikisa kichwa, akasema maneno machache, na Ania akayatoa kwa sauti ya chini: "Huyo hajakubali. Huyo amechoka." Mwanamke asiyejua hata neno moja la Kiswahili! Akachukua mkate mmoja mzima, akaufunga kwa karatasi ya mezani, akautia mfukoni mwangu. Akasema kwao mtu aliye mbali hutumiwa mkate huo kwa posta, ndivyo alivyomtumia bintiye kila mwaka. Lakini mimi sina ruhusa ya kuutuma. Niupeleke.

Nilishuka nikaketi garini, nikapiga simu Voi.

"Mama Mghoi."

"Baba Mghoi. Krismasi njema."

"Ile haya yako. Ya mambo ya likizo na mtoto. Ilikuwa ndiyo, au ilikuwa hapana?"

Nikasikia Mghoi akiimba nyuma, akikosea maneno.

"Umeuliza leo?"

"Nimeuliza leo."

"Mifuko yangu iko mlangoni, Baba Mghoi. Mwaka mpya ukiingia naenda Taveta kwa kaka yangu, mimi na mtoto, na sitarudi dukani wala kwako. Nilisema haya kwa sababu hukuacha nafasi ya neno lingine. Ulimpanga mwanangu kama unavyopanga katoni."

Mdomo wangu ulikuwa ushafunguka kujitetea, nikauziba kwa mkono. Nikafanya kama Ania. Akasema, nikaitikia: eeh. Akasema tena: eeh, nakusikia. Alisema mpaka sauti ikamkauka, na mimi sikuwa na kazi nyingine duniani ila eeh.

Mwisho nikamwambia, "Mghoi hatoki hapo. Likizo naiomba upya asubuhi. Usiifungue mifuko, ningoje uniambie hapana nikikutazama."

"Tutaona," akasema. Hakusema haya, mwanangu. Nikashukuru Mungu.

Likizo walinipa kwa taabu, na Tomek ndiye aliyenisemea. Nilipofika Voi mkate ulikuwa umekwisha kuwa unga mfukoni. Mifuko ilikuwa palepale mlangoni, imefungwa. Wakesho akautazama ule unga, akauliza kama nimemletea dawa ya mende. Nikamweleza. Tukachota kwa ncha za vidole, tukatazamana, nikamtakia, akanitakia. Alilonitakia halikuhusu. Mifuko aliifungua mwenyewe siku ya tatu, na siku nyingi baadaye aliifunga tena, ya kuja huku.

Mnaona kampuni yangu mnadhani ni akili za Mwadime. Ni zangu, sikatai! Lakini mwanamke anayekaa ofisini pale, mnayemwogopa kuliko mimi, ndiye aliyeniambia hapana kwa yale mabasi mabovu, hapana kwa mshirika yule mwenye maneno matamu, hapana kwa mambo mengi ambayo yangenirudisha Mwatate na begi moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapana ya mke ndiyo inayokuonyesha ufa.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Usihesabu ukimya wa mkeo kuwa ni ridhaa. Ukimpangia jambo, usimwulize kama amesikia. Muulize ataliona vipi, kisha unyamaze, kunyamaza kwa kweli, mpaka aseme. Ukiona amejifunza kukujibu neno moja, jua mengine ameyafungia kwenye mfuko, na mfuko huo uko karibu na mlango. Na uache kutamba mezani kwa jambo ambalo hujalisikia kwa masikio yako.

Mungu akupe mke mwenye hapana yenye sababu, akupe masikio mapana kuliko kifua, na meza yako isikose sahani ya mgeni. Akurudishe kwako ungali una mtu wa kukufungulia.

Na ukishasoma, usije ofisini kuniambia "haya, Mzee." Mpigie simu mama watoto.