Bibi yangu alivyoharibu picha ya ubongo wake kwa sababu ya salamu

Wakuu, salamu kwanza, maana mtaona huko mbele salamu zilivyotutesa. Haya nayasimulia kama yalivyotokea. Nilichobadilisha ni majina, na nilichopunguza ni matusi ya bibi yangu.

Mimi ni kijana wa Konde, Pemba, nauza makava ya simu. Nimelelewa na bibi mzaa mama, tumwite Bi Time, msuka mikeka. Ananiita "mume wangu" na ananitania mpaka mbele ya wateja.

Mwaka jana akapata stroke. Upande wote wa kulia ukalala.

Mguu ukarudi polepole. Mdomo haukuondoka hata siku moja (alhamdulillahi, japo ukikaa naye nyumba moja utasema mengine). Mkono wa kulia ndio ukagoma kabisa.

Sasa msiba wetu haukuwa mikeka. Ulikuwa kula.

Bi Time alikataa katakata kula kwa kushoto. Tukamwambia mgonjwa ana ruhusa. Hata shehe akaja kumwambia. Akamjibu, "Ahsante Shehe, lakini nkono huu nna kazi nao nyengine, na weye waijua." Shehe akatazama chini.

Ikawa analishwa. Mwanamke aliyepakulia maharusi kijiji kizima, leo anapanua mdomo kusubiri kijiko, na chakula chenyewe anakila nusu. Alikuwa anakonda mbele ya macho yetu. Iliniuma sana wakuu, mara nyingine nilikuwa natoka nje.

Mazoezi hataki. Mtu wa mazoezi akimpa kimpira akibinye kwa kulia, anakichukua kwa kushoto anamtupia paka. Mjomba Hamadi, mwanawe mkubwa, akasema mkono ule umekwisha, tumwacheni mama apumzike.

Daktari mmoja ndiye aliyetuambia tusihukumu kwa kuangalia nje tu. Kuna kipimo cha MRI, aina yake inaitwa DTI. Picha aliyopigwa mwanzo ilionesha kovu tu. Hii inafuatilia maji yanavyojipenyeza ndani ya ubongo, kwa sababu maji hufuata nyuzi, na kwa hivyo wanaweza kuzichora zile njia nyeupe zinazopeleka amri kutoka kichwani kwenda mkononi.

Njia ikiwa ipo, hata nyembamba, mazoezi yana matumaini. Ikiwa imekatika kabisa, mjomba kasema kweli.

Bi Time akauliza, "Kwa hiyo kichwani mwangu mna ukili, kama wa mikeka?" Daktari akacheka, akasema ndiyo, na tunataka kujua umefumuka kiasi gani.

Tukapanda boti, tukafika hospitali moja ng'ambo (jina nalihifadhi). Dada wa mashine alikuwa mtu wa Unguja, mpole, ana adabu mpaka zinamwagika. Akamvua kipini na pini za kanga, akamlaza, akamfunika uso kwa kitu kama dema la kuvulia samaki. Akamtia spika masikioni.

Halafu akampa kimpira cha kengele, akibanwa akibinye. Akakitia mkono wa kushoto, ule mzima.

Dada alipogeuka tu, bibi akaninong'oneza: "Mume wangu, nitilie kuliani. Ntu hapokei kitu kwa kushoto mbele za watu."

Nikakihamisha. Nikasema moyoni, kengele ya nini, sauti anayo.

Tukatoka, tukakaa nyuma ya kioo. Mashine ikaanza kugonga. Katikati dada akawasha spika: "Assalaam alaykum Bi Mkubwa, uko salama?"

Lahaula! Bibi akaitikia salamu nzima mpaka wabarakatuh, akauliza wazee wa dada hawajambo, akauliza Unguja kuna mvua, kichwa kikitikisika kwa kila neno. Picha ikavurugika yote. Kipimo hiki kichwa hakitaki kucheza hata kidogo.

Dada akaingia, akambembeleza: usiseme, usitikisike. "Haya," bibi akasema, "nnyamaze kama maiti."

Tukarudia. Na dada naye mazoea yana taabu, akasahau, akawasha spika: "Assalaam alaykum Bi, tunaendelea."

Kimya.

Halafu kengele ikalia.

Tukakimbia ndani, mimi roho mkononi. "Nini Bi? Umebanwa?"

"Sikubanwa. Wanisalimia, nawe wanikataza kunena. Salamu haiachwi bila jibu. Nimekujibu kwa nkono."

Dada akatazama mkono wa kushoto. Mtupu.

Akatazama wa kulia.

Wakuu! Kimpira kiko kwenye ule mkono uliokwisha! Daktari wa pale akaitwa. Akasema, "Bi Mkubwa, binya tena." Bibi akasema, "Nisalimie kwanza."

Akamsalimia. Vidole vikajikunja kidogo, taratibu, kengele ikalia piii. Nililia pale pale na sioni haya kusema.

Mara ya tatu hakuna aliyethubutu kuwasha spika. Daktari akatuonesha picha yenye rangi rangi: upande mmoja njia nene, upande wa pili nyuzi chache, lakini zimeshika mpaka mwisho. Bibi akaitazama. "Kumbe hukufa," akauambia mkono, "ulikuwa wadeka."

Tuliporudi nyumbani, kila aliyeingia alilazimika kumpa salamu na mkono wa kulia, na bibi hamwachii mpaka yeye aubinye. Ndiyo yakawa mazoezi. Mjomba Hamadi aliambiwa asalimie mara mbili, kwa makosa yake.

Juzi tumekaa kwenye sinia, wali na pweza wa nazi. Bibi ndiye aliyenifunza utotoni kula kilicho mbele yangu tu. Nikaona mkono wa kulia unatetemeka, unavuka sinia, unakuja upande wangu, unachukua kipande changu kikubwa, unakwenda nacho mdomoni.

Mjomba akaacha kutafuna.

"Nini?" bibi akauliza. "Hamjaona ntu akila?"

Nilichojifunza: msiuzike mkono wa mgonjwa kabla hamjajua njia ya ndani ikoje, na ulizeni kipimo, msikubali neno la mjomba. Aliyeuguza mtu wa stroke na atupe uzoefu wake hapo chini.

Ila Bi Time nimemsomea uzi huu, na anasema mkija muanze na salamu. Kengele anayo.